Shingo mpya ya tenki la Datsun 240Z: jinsi nilivyoiunda hapa Mtwara

Mara ya kwanza nilipoipeleka Datsun yangu sheli, pampu ilikatika mara saba kabla lita 5 hazijatimia. Mara ya nane petroli ilipanda juu ikamlowesha mhudumu mkono mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa binti wa umri wa mwanangu. Nilimkimbizia maji na sabuni, nikamwomba radhi, naye akanijibu kwa upole, "Baba, tenki lako limeziba."

Halikuwa limeziba. Shingo ya kujazia mafuta niliichomelea mwenyewe, mishono ilikuwa safi na hakuna tone lililovuja popote. Kosa langu lilikuwa hili: niliiunda kama bomba la kupitisha mafuta, nikasahau kwamba hewa nayo inataka njia iliyo wazi. Niliifumua yote nikaanza upya. Hapa nitaeleza ile ya pili, inayofanya kazi mpaka leo, ili anayefufua gari la zamani asipitie nilikopitia mimi.

Kwanza gari lenyewe. Ni Datsun 240Z, milango miwili, injini ya L24 yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, cc 2,393. Wazee wa pwani hii wanalikumbuka kwa sababu ndilo lililochukua Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Langu nilikuta limeegeshwa chini ya mwembe Mikindani, hatua chache kutoka baharini. Chumvi ilikuwa imelila tenki kiasi cha kupitisha vidole viwili. Nikaagiza tenki jipya la alumini la lita 50, likaja kwa basi kutoka Dar es Salaam, nikalilaza kwenye shimo la tairi la akiba. Kinywa chake kikawa mahali tofauti kabisa na kile cha zamani, kwa hiyo shingo ya kiwandani haikufaa tena. Mlango mdogo wa mafuta ulio ubavuni, nyuma kulia, niliutaka ubaki palepale. Ndiyo sura ya gari, na sikutaka kuigusa.

Hewa kwanza

Mama zetu wakifungua debe la mafuta ya kula hutoboa matundu mawili: kubwa la kumiminia, na dogo pembe ya pili. Usipotoboa lile dogo, mafuta yatatoka kwa kukoroma na kuruka, nusu yaishie chini. Shingo ya tenki ni debe hilohilo, ila mambo yamegeuzwa. Pampu ya sheli inasukuma lita 35 hadi 40 kwa dakika. Kila lita ya petroli inayoingia lazima itoe lita moja ya hewa iliyojaa mvuke. Hewa hiyo isipopewa njia itapanda kwa shingo ileile, ikutane na petroli inayoshuka, na hapo povu litapiga ncha ya pampu.

Kwenye ncha ya pampu kuna kitundu kidogo. Petroli ikiwa inapita ndani, huvuta hewa kupitia kitundu hicho. Kikifunikwa na mafuta au povu, mvuto unageukia utando ulio ndani ya mpini, na kitasa kinaachia. Pampu haina namna ya kujua kama tenki limejaa au petroli imeruka tu. Kwa hiyo ukisikia "tak, tak, tak" na tenki bado tupu, usimlaumu mhudumu wala pampu. Rudi ukaitazame njia ya hewa.

Njia za hewa ni mbili, na zisichanganywe. Ya kwanza ni ya wakati wa kujaza: mpira wa milimita 16 unaotoka juu ya tenki na kurudi kwenye shingo karibu na kinywa. Ya pili ni ya wakati wote: mpira mwembamba wa milimita 8 unaotoka sehemu ya juu kabisa ya tenki, unapita kwenye vali yenye gololi, kisha unatoka nje chini ya bodi. Gari likipinduka, gololi inaziba na petroli haimwagiki. Bila njia hii ya pili, injini ikinyonya mafuta tenki linabaki na mvuto ndani, pampu ya mafuta inakosa nguvu, na tenki jembamba linaweza hata kubonyea.

Kuna jambo moja nililomwagiza mwenye kuunda tenki na ninafurahi nililikumbuka. Bomba la tenki linaloshika ule mpira wa milimita 16 halikuishia kwenye dari ya tenki. Limeingia ndani milimita 25. Petroli ikifika hapo inaziba bomba, hewa inakosa pa kutokea, pampu inakatika yenyewe, na juu inabaki nafasi. Nafasi hiyo ni muhimu sana kwetu. Petroli hutanuka karibu sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzi ya joto. Lita 50 zilizotoka kwenye tangi la chini ya ardhi zikiwa nyuzi 25, ukaegesha juani zikafika 45, zinaongezeka karibu lita nzima. Lita hiyo itatafuta pa kwenda. Usipoipa nafasi itatokea kwenye mfuniko na kushuka juu ya rangi yako.

Kupima bila haraka

Jirani yangu wa karakana ni mchonga vinyago. Akipata gogo la mpingo hulizungushazungusha siku nzima kabla hajalitia tezo, kwa sababu mpingo ukishakatwa vibaya haurudi. Nilijifunza kwake. Nilikaa nyuma ya gari asubuhi nzima na vipande vya bomba la plastiki la maji taka, waya wa kuchomelea na maboksi, nikitafuta njia.

Vipimo vyangu vilikuwa hivi: kutoka mlango mdogo hadi kinywa cha tenki ni sentimita 48 kwa mlalo na 32 kwa wima. Shingo ilianza kwenye kinywa ikiwa imeinama nyuzi 25, ikaenda moja kwa moja, kisha ikapiga kona ya nyuzi 45 kuelekea chini, ikakutana na kinywa cha tenki ambacho hakikusimama wima kabisa, kimelala kidogo kuelekea kulia. Vyako vitakuwa vingine, lakini sheria hizi hazibadiliki. Sentimita 20 za mwanzo ziwe zimenyooka, maana ncha ya pampu inaingia humo na haipindi. Kusiwe na sehemu yoyote inayolala sawa na ardhi au kupanda, kwa sababu petroli itatuama. Na kinywa kisitokeze nje ya bodi hata kidogo; gari likigongwa ubavuni, kinachotokeza ndicho kinachong'oka.

Kinywa: chukua cha Toyota

Mwenye gari la michezo hupenda ule mfuniko mkubwa wa alumini unaofunguka kwa mkono mmoja, kama wa magari ya mashindano. Nami niliutamani. Lakini mifuniko mingi ya aina hiyo inapitisha maji ya mvua, haina funguo, na mpira wake ukichakaa utaagiza mwingine kutoka mbali. Ushauri wangu: unda shingo, usiunde mfuniko. Nilinunua shingo chakavu ya Corolla kwa wauza vipuri vya mtumba, nikakata sehemu ya juu tu, ile yenye kinywa. Mfuniko wake unapatikana duka lolote la vipuri kuanzia hapa hadi Masasi, na ukipotea Kilwa Masoko utapata mwingine hukohuko.

Faida nyingine iko ndani ya kinywa hicho: kuna kizuizi chenye tundu dogo na kijimlango cha springi. Ncha ya pampu ya petroli ina unene wa nje wa karibu milimita 21, inapita. Ile ya dizeli ni nene zaidi, haipiti. Usikitoe kizuizi hicho kwa tamaa ya kujaza haraka.

Kipande hicho kilishabeba petroli miaka mingi. Kabla ya kukikata nilikiosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara tatu, nikakianika juani siku mbili, na bado nilikata kwa msumeno wa mkono. Nikiwa saidia fundi Lindi niliona tenki "tupu" la pikipiki likichomelewa. Lilipasuka kama fataki na kumng'oa fundi kucha. Petroli inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto letu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni na kukaa mashimoni. Tenki tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Kwa hiyo sheria ya karakana yangu ni moja: hakuna kinachochomelewa kikiwa kwenye gari, na hakuna kinachochomelewa kikiwa kimeshikana na tenki. Shingo inaundwa mezani, inakamilika mezani, ndipo inafungwa kwa mipira na bolti. Tenki wakati huo lipo chumba kingine, midomo imezibwa.

Bomba na kona

Bomba nililotumia ni lile la stenlesi la reli za ngazi, kipenyo cha nje milimita 38, unene milimita 1.5. Linapatikana kwa wauza vyuma. Omba daraja la 304. Yale ya bei ya chini huwa ni 201, na kwa upepo wetu wa bahari hupata madoa ya kutu mapema. Sumaku haitakusaidia kuyatofautisha. Nunua kwa unayemwamini.

Bomba la mabati la maji liache kabisa. Zinki yake ikichomelewa inatoa moshi mweupe unaokulaza na homa usiku, na ndani ya petroli haifai. Shaba nayo iache, inaharakisha petroli kugeuka utomvu.

Kona za reli za ngazi zinazouzwa tayari ni kali mno, nyuzi 90 kwa ghafla. Nilikata vipande nikaunganisha. Kona ya nyuzi 45 niliigawa kwenye viungo vitatu, kila kiungo nyuzi 15. Kila uso unakatwa nusu ya hapo, nyuzi 7.5. Kwa bomba la milimita 38, nyuzi 7.5 ni tofauti ya milimita 5 kamili kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kumbuka namba hiyo tu, huhitaji kipima pembe.

Niliunda kisanduku cha mbao chenye pande mbili, kama kile cha maseremala cha kukatia pembe za fremu, nikapitisha ufa uliopinda kwa milimita 5 katika upana wa 38. Bomba linalala ndani, msumeno unapita kwenye ufa. Unakata uso wa kwanza, unasogeza bomba, unalizungusha nusu mzunguko, unakata tena. Kipande kinatoka kama kabari: upande mfupi milimita 12, upande mrefu 22. Vipande viwili vya aina hiyo vinakaa katikati, na mabomba mawili marefu yanakatwa uso mmoja mmoja. Ili usipoteze nusu mzunguko, zungushia bomba ukanda wa karatasi, ukate panapokutana, uukunje mara mbili, uufungue. Mikunjo inakupa robo nne. Zichore kwa kalamu ya rangi kwa urefu wote wa bomba kabla hujakata chochote, na mistari hiyo ndiyo itakayokuonyesha wakati wa kuunganisha kama kipande kimejizungusha.

Kila uso piga tupa hadi vipande viwili vikikutanishwa mbele ya taa usione mwanga. Hapa ndipo vijana wangu huchoka. "Fundi, si tutajaza na mshono?" Hapana mwanangu. Bomba la milimita 1.5 likiwa na pengo litatoboka, na ukijaza pengo hilo kwa nguvu utaacha nundu ndani. Petroli ikigonga nundu inaruka.

Kuchomelea

Kwa kazi hii nilitumia mashine ya tigi na gesi ya argoni, ampea 45 hadi 55. Asiye nayo apeleke vipande vyake vikiwa vimekaa sawa kwa mwenye nayo. Ni kazi ya saa moja, na ni bora kulipia saa hiyo. Mashine ya kawaida ya fimbo kwenye chuma chembamba namna hii itakutesa, hata ukitumia fimbo nyembamba. Gesi ya oksijeni na asetilini inawezekana ukiwa na mkono mtulivu, lakini basi tumia bomba la chuma cha kawaida badala ya stenlesi.

Stenlesi ikichomelewa bila gesi kwa ndani, mgongo wa mshono unaota chenga nyeusi kama sukari iliyoungua. Chenga hizo zitadondoka kwenye tenki na kuishia kwenye kichujio. Nilifunga ncha zote mbili kwa karatasi ya alumini ya jikoni, nikaingiza mpira mwembamba wa argoni upande mmoja na kutoboa kitundu cha sindano upande wa pili, nikasubiri dakika mbili gesi ijaze, ndipo nikaanza. Shika kwa nukta nne kwanza, kwenye ile mistari ya robo, kisha hakikisha pembe kwenye gari, halafu urudi mezani umalize.

Kinywa cha Toyota ni chuma cha kawaida kilichopakwa madini ya kuzuia kutu. Tabaka hilo liondolewe kwa msasa hadi chuma king'ae, ndani na nje, sentimita 2 kutoka ukingoni, na uvae barakoa. Kukiunganisha na stenlesi nilitumia waya wa 309L, uliotengenezwa kwa ajili ya vyuma viwili visivyofanana. Mshono huo ndio pekee niliopaka praima na rangi, kwa sababu upande wa chuma cha kawaida utashika kutu.

Kwenye ncha ya chini, mpira wa mafuta hautashika bomba laini. Nilizungusha mshono mwembamba kuzunguka bomba, milimita 8 kutoka ukingoni, nikaulainisha kwa tupa hadi ukawa kama pete ya mviringo. Mpira ukipita juu ya pete na klipu ikafungwa nyuma yake, hauchomoki.

Sasa bomba la kupumulia, lile la shingoni linalopokea mpira wa milimita 16. Hapa ndipo lilipokuwa kosa la kwanza. Mara ya kwanza nililichomelea upande wa chini wa shingo, kwa sababu ndipo mkono ulipofika kwa urahisi. Petroli ikishuka ilikuwa inaingia humo kama mtaroni. Safari hii nililiweka mgongoni mwa shingo, upande wa juu, chini kidogo tu ya kizuizi, juu ya pale ncha ya pampu inapofikia, na nikaliinamisha kuelekea kinywani ili mkondo wa petroli ulipite bila kuingia.

Mwisho wa kazi ya mezani: ziba ncha zote, pampu hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli, uzamishe kwenye beseni kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha. Kidogo tu, hewa ambayo hata mdomo ungeweza kuipuliza. Tafuta viputo kwa subira.

Mipira na klipu

Mpira wa rejeta haufai. Unafanana, unatosha, uko kila duka, na ndiyo maana watu wengi wanauweka. Umeundwa kwa maji ya moto. Petroli inauvimbisha na kuulainisha. Usiponiamini, tia kipande kwenye chupa ya petroli yenye kifuniko, kiache wiki moja, kisha kibonyeze. Tafuta mpira ulioandikwa SAE J30 R6, ambao ni wa shingo na mapumuzi ya tenki. Mimi ilibidi niuagize. Nilikata sentimita 10: 3 juu ya shingo, 3 juu ya kinywa cha tenki, na 4 katikati za kuruhusu mtikisiko. Klipu mbili kila upande, na vichwa vyake vitazamane pande tofauti.

Mpira huo una kazi nyingine: unatenganisha stenlesi na alumini. Vikigusana vyuma hivyo viwili kwenye hewa ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Ile silikoni ya kubandika gasketi ya injini, usiipake hapa popote. Petroli inaitafuna, inakatika vipande, vipande vinasafiri. Kwenye sahani ya kinywa tumia gasketi ya naitraili, na kama una pete za mpira, ziwe za naitraili au vitoni, mipira inayostahimili petroli.

Kosa la pili la mara ya kwanza lilikuwa kwenye mpira wa kupumulia. Niliuacha mrefu, ukaning'inia katikati na kuota tumbo. Petroli kidogo ilituama kwenye tumbo hilo, na vijiko vichache vya petroli vinatosha kuziba hewa kabisa. Sasa unapanda mfululizo kutoka tenki hadi shingoni, umeshikwa kwa klipu tatu kwenye bodi. Mpira wa vali ya gololi nao unapanda kwanza hadi juu ya usawa wa kinywa, unapinda, ndipo unashuka nje, mbali na ekzosti, na ncha yake ina kichujio kidogo cha kuzuia nyigu wasijenge humo.

Kasha, mtaro, na waya

240Z haina buti iliyotengwa. Nyuma ya viti na sakafu ya mizigo ni chumba kimoja, kwa hiyo harufu yoyote ya shingo unaivuta wewe. Niliunda kasha la bati la milimita 1 linaloifunika shingo yote, kinywani hadi sakafuni, likafungwa kwa bolti ndogo na ukanda wa mpira pembeni. Chini kabisa nikatoboa tundu linalotoka nje ya gari. Mvuke ni mzito. Ukipewa tundu chini utashuka wenyewe. Kasha hili lilinichukua siku mbili, zaidi ya shingo yenyewe, na nisingeliacha hata kwa fedha.

Nyuma ya mlango mdogo kuna sahani ya stenlesi inayoshika kinywa kwa bolti sita za milimita 5. Upande wake wa chini niliweka kijibomba cha milimita 10 na mpira unaoshuka hadi nyuma ya tairi. Mvua za masika zikianza utaona umuhimu wake.

Waya wa ardhi watu wengi hawaujui. Shingo ya zamani ilishikwa na bodi kwa chuma; hii yangu imekaa kwenye gasketi ya mpira juu na mpira wa mafuta chini. Imetengwa. Petroli inayotiririka inazalisha umeme tuli, na chuma kilichotengwa kinaukusanya mpaka kipate pa kurukia. Cheche moja kinywani, palipojaa mvuke, inatosha. Nilichomelea kijisahani kwenye shingo, nikafunga waya mnene hadi kwenye bodi, mahali nilipokwangua rangi hadi chuma, nikapaka grisi juu. Mita ya umeme kati ya kinywa na bodi isome karibu na sifuri. Tenki nalo lipewe waya wake.

Majaribio

Kabla ya petroli, maji, na bado mezani. Niliifunga shingo kwenye dumu la lita 20 badala ya tenki, pamoja na mpira wa kupumulia, kwa mwinamo uleule wa gari. Juu nikaweka ndoo ya lita 20 yenye bomba la inchi moja chini, nikaachia. Lita zote ziliingia kwa nusu dakika na kidogo, kimya. Kisha nikaurudia mchezo nikiwa nimebana mpira wa kupumulia kwa koleo. Maji yaliruka hadi kifuani. Kijana wangu aliyekuwa ameshika ndoo hakuhitaji maelezo mengine. Baada ya hapo kausha kila kitu juani, maana maji na tenki la petroli haviendi pamoja.

Nikafunga kwenye gari, betri imechomolewa, milango wazi, chombo cha unga cha kuzimia moto pembeni. Nikarudi sheli ileile. Binti alikuwepo, akanisalimia, "Shikamoo baba," akasogea hatua moja nyuma kabla ya kubonyeza mpini. Nilimwomba aende kasi kamili. Lita 10, 20, 30. Ilikatika mara moja tu, kwenye lita 41, na tenki lilikuwa tayari na mabaki. Hakuna tone lililorudi.

Siku iliyofuata niliegesha juani tangu saa nne asubuhi, vioo vimefungwa. Saa tisa alasiri nikafungua mlango nikaingiza kichwa. Usitumie pua yako mwenyewe kama umeshinda karakana, haisikii tena. Nilimwita mke wangu. Alinusa mbele, akanusa nyuma, akasema anasikia harufu ya viti vya zamani tu.

Baada ya wiki moja kaza klipu tena, maana mpira mpya hubonyea kidogo. Mfuniko ukiufungua na kusikia "fyuuu" ndefu ya hewa kuingia, vali ya gololi imekwama au ncha ya nje imeziba. Na mpira wa mafuta una umri wake, hasa kwenye joto hili. Wangu nimeuandika mwezi na mwaka kwa rangi nyeupe juu ya mpira wenyewe, ndani ya kasha, ili yeyote atakayelifungua baada yangu aone ulifungwa lini.